Unakaa Saa Ngapi?

Ithungu alikuja Jumanne na karatasi zake,
akaketi kwenye kreti ya soda, akauliza:
"Mzee, kwa siku moja ya kawaida,
unakaa saa ngapi?"

Nikamjibu nimekaa hapa Kilembe
tangu shaba ingali ikitoka mlimani.
Akacheka. "Si kukaa huko. Kukaa kwa matako."
Basi si ungesema, mwanangu.
Lakini nani aliyewahi kuyawekea matako yake saa?
Nikakaa kimya.
Hilo nalo sijui kama aliliandika.

Akanibandika kidude pajani,
kidogo kama kiberiti, kwa plasta ya hospitali.
Siku saba, akasema, usikitoe hata ukioga.
Kinajua ukisimama, kinajua ukilala,
kinajua ukiketi.

Zamani shimoni tulikuwa na vibati,
changu mia nne kumi na saba.
Ukitoka, unakiangika ubaoni.
Jioni kibati kikikosekana, kengele inalia,
na wake zetu wanatoka majumbani
mikono imejaa unga.
Hicho kilipima jambo moja tu.

Siku ya kwanza nilipanda kwenye kahawa,
nikashuka, nikapanda tena bila kazi yoyote,
majivuno tu, miaka sabini na minne,
nikarudi magoti yakilia kama bawaba.
Ya pili nikapukuchua maharage, debe zima,
toka chai ya asubuhi
hadi kivuli kilipogusa pipa la maji.
Vidole vilikwenda maili ngapi siku ile?
Paja halikujua. Paja liliandika: ameketi.
Ya tatu mvua. Nyamwamba ukanguruma, mawe tumboni,
hakuna aliyekwenda popote.
Ya tano, kanisani, tukapiga magoti,
nikasahau sala nikiwaza
kupiga magoti kumo fungu gani.

Na usiku? Usiku sikumwambia mtu.
Kabugho hulazwa ubavu wa kushoto, halafu wa kulia,
kila baada ya saa mbili,
tangu kiharusi kimkute akianua kahawa.
Naamka, namgeuza,
naukanda mguu usio na habari,
naketi ukingoni mwa kitanda mpaka pumzi yake itulie.

Ni yeye aliyekiona kitaa kikimeta chini ya blanketi.
Maneno yake siku hizi hutokea upande mmoja wa mdomo.
"Na mimi?"
Nikamweleza: wanataka wanaotembea
mita kumi bila kushikwa mkono.
Akageuza macho ukutani.
Macho bado anayageuza bila mimi.

Nikatafuta plasta iliyobaki,
nikaleta kiberiti kutoka jikoni,
nikambandika pajani, paja lile lile.
Siku saba, nikamwambia. Usikitoe.

Ithungu akarudi na kompyuta,
akazitandaza siku zangu kama kitenge cha mistari:
njano nikiketi, nyekundu nikitembea,
na njano, Mungu wangu, ilivyokuwa nyingi!
Nikaanza kujitetea kwa ajili ya maharage.
Hakunisikia. Kidole chake kilikuwa kimesimama gizani.
"Hapa, mzee. Na hapa. Saa sita, saa nane, saa kumi.
Kila usiku. Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Siendi popote," nikasema. "Nakaa na mke wangu."

Akapekua karatasi mbele na nyuma
akitafuta mahali pa kuliandika.

Alipokwisha kuteremka hadi darajani
Kabugho akaniita.
"Changu kimesema nini?"
Nikaibandua plasta polepole,
kana kwamba ngozi ingeumia,
nikafungua kiberiti penye mwanga wa dirisha,
nikahesabu njiti, moja moja, bila haraka.

"Kumi na tisa."

Akafikiri kidogo.

"Ni nyingi?"